Kaya ya Machibya Imehitimu

Modesta ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Watu wa mtaa wao pale Igoma wanalikumbuka hilo mpaka leo, na wapo wanaomcheka, ingawa wakikutana naye wanajikausha. Mwenyekiti wa mtaa, mzee Ndalahwa, alikuwa amesimama mbele ya ofisi yake na kipaza sauti kinachokoroma, anasoma kaya ambazo, alivyosema yeye, "kwa jitihada zake zenyewe zimehitimu." Alipotaja kaya ya Machibya, Modesta akasikia jina la mumewe na neno kuhitimu vimekaa pamoja. Hakusubiri. Aliachia kigelegele kilichowageuza hata watu waliokuwa wakinunua mkaa ng'ambo ya barabara.

Sasa utamlaumu? Modesta aliacha shule darasa la tano, akaenda kulea watoto wa dada yake. Hajawahi kuhitimu kitu chochote duniani. Kwake yeye mtu aliyehitimu huvaa joho, huvishwa mataji yale ya makaratasi yanayometameta, hupigwa picha, na kwao hupikwa pilau. Alikuwa ameshaanza kuangaza huku na huku kuona vyeti viko wapi, ndipo jirani yake Mwanabaraka, muuza chapati, mwanamke asiyejua kunong'ona, alipomvuta khanga.

"Mama Kija, we nyamaza. Wanakutoa."

"Wananitoa wapi?"

"Kwenye ruzuku! Kuhitimu ndiyo kutolewa huko. Hamna hela tena, dada yangu, ndiyo imetoka hiyo."

Jamani, serikali ina maneno. Mtu anaporwa sahani mkononi, anaambiwa hongera umeshiba.

Ruzuku yenyewe ilikuwa ile pesa ya serikali inayopewa kaya zisizo na kazi wala kipato. Haikuwa pesa ya kumtajirisha mtu. Lakini kwa Machibya na Modesta ilikuwa na kazi moja, na kazi hiyo huwezi kuielewa bila kumjua Machibya mwenyewe.

Alizaliwa Magu, kwenye familia ya wafugaji, akaja mjini akiwa kijana mrefu, mpole, anayeongea kama mtu anayechagua mchele. Alipata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kiwanda hicho hakipo tena na jina lake halitatusaidia kitu. Machibya alishika kisu, Modesta alikuwa meza ya pili, ile ya kutoa mifupa midogo. Mle ndani kila mtu alivaa koti jeupe, kofia, buti za mpira, na kitambaa kilichofunika pua na mdomo, kwa hiyo Machibya alimpenda yule dada kwa macho na sauti tu kabla hajauona uso wake. Siku alipomwona nje ya geti amevua kitambaa, alisimama akasema mbele za watu, "Kumbe una mwanya!" Modesta akamtukana tusi la haja. Haukupita muda wakaonekana wamekaa kwenye jiwe moja wanakula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki wenye hela zao wakishasafirishiwa minofu Ulaya.

Walioana, wakajenga vyumba viwili juu kule kwenye mawe, wakapata mtoto mmoja, Kija, ambaye sasa ameolewa Geita na ana shida zake zinazomtosha. Maisha hayakuwa mabaya. Kisha sangara wakaanza kuadimika ziwani. Kiwanda kikapunguza zamu, kikapunguza watu, na asubuhi moja wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo na mlinzi hawatazami usoni. Walipewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua mgongo wa mtu yeyote.

Machibya alitafuta kazi. Hili liandikwe vizuri, kwa sababu kuna watu wamevaa tai wanaosema hawa wenzetu wamezoea vya bure. Alitafuta kazi mpaka viatu vikamkataa. Alizunguka viwanda vilivyobaki, akaambiwa wanataka vijana. Alikwenda Nyamagana akasimama kwenye milango ya maghala, akaambiwa njoo kesho na watu wasiojua hata jina lake. Mwishowe akawa anabeba zege kwenye majengo ya Buhongwa, siku anapata, siku anarudi mikono mitupu, huku nywele zinageuka mvi. Huko huko kwenye zege ndiko alikoangukia. Karai lilimtoka mkononi, akataka kuinama aliokote, upande wote wa kulia ukagoma. Kiharusi.

Mtaa wenyewe, kwenye mkutano wa hadhara, ndio uliosema kaya ya Machibya iingizwe kwenye ruzuku. Hakuna aliyepinga. Kuanzia hapo Modesta akawa anagonga kokoto kule mlimani kwa ajili ya chakula, na ruzuku ikawa ya bajaji, ya kumpeleka Machibya hospitali mjini kufanya mazoezi ya viungo. Aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ni binti mmoja anaitwa Rose, mkali kama pilipili. "Mzee, huu mguu haujafa, umelala tu," alikuwa akimwambia. "Tukiacha kuuamsha utalala moja kwa moja." Machibya alikuwa akiuma meno, jasho linamtiririka, anafanya.

Na usidhani alikuwa na ndoto kubwa. Hakutaka kurudi kazini, hayo alishayaacha. Alitaka kitu kimoja: aende chooni mwenyewe. Choo chao kiko nyuma ya nyumba, unashuka katikati ya mawe mawili, na kila akibanwa ilibidi Modesta amwingize bega kwapani, mwanaume mrefu vile ananing'inia juu ya mwanamke mfupi, wanashuka taratibu huku watoto wa majirani wakiambiwa waende wakacheze kwingine. Modesta akiwa mlimani, Mwanabaraka humwita mume wake aje asaidie, na mume wa Mwanabaraka ni mtu mwema asiyelalamika. Lakini Machibya alikuwa akirudi kutoka kule amefumba macho. Aliona aibu. Usiku alimwambia mkewe, "Mama Kija, nikifika pale mwenyewe, hata kwa kutambaa na ukuta, mimi nimepona."

Na alikuwa anakaribia. Alishaanza kusimama akishika fremu ya mlango. Alishavuka uwanja mara moja, mkono ukutani, akarudi anacheka kama mtoto.

Basi ndipo walipokuja wale wa tathmini, wa kukagua kaya zenye ruzuku.

Walikuwa kijana mmoja anaitwa Faisal, mwenye kishikwambi mkononi, na mwenzake wa kubeba mkoba. Machibya alikuwa amekaa mlangoni anaota jua. Sasa, kwao Magu, mgeni akiingia kwenye mji wako humpokei umekaa. Baba yake Machibya alisimama kumpokea kila mtu, hata mgambo waliokuja kumkamata kwa ajili ya kodi. Machibya aliwaona wale vijana wanapanda kati ya mawe, na kabla Modesta hajasema neno, aliweka mkono kwenye goti, akajisukuma, akasimama. Hakushika ukuta. Hakushika fremu. Alisimama katikati ya mlango wake, akayumba kidogo, akatulia, akanyoosha mkono wa kushoto, akawaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Karibuni, karibuni sana."

Modesta alipiga ukelele. Alilia na kucheka kwa pamoja, akashika kichwa, akazunguka uwanjani hajui anakwenda wapi. Mwanabaraka akaja mbio na mikono yake ya unga. Na hapo ndipo Modesta aliposema lile neno. "Mmeona wenyewe!" aliwaambia wageni. "Bwana asifiwe, mume wangu amepona! Amepona kabisa!"

Kanisani kwao ndivyo watu wanavyosema. Mtu anakiri uponyaji homa ikiwa bado mwilini, na wenzake wanaitikia amina, maana kungoja upone kwanza ndipo ushukuru ni imani gani hiyo? Mlokole yeyote wa pale Igoma angemwelewa. Faisal naye alicheka, akampa Machibya mkono, akasema hongera mzee. Kisha akainamisha kichwa, akabonyeza kishikwambi chake. Modesta akawaletea chai, na chapati za Mwanabaraka alizozikopa kwa furaha. Wakala, wakashukuru, wakaondoka.

Siku ya kigelegele, mkutano ulipovunjika, Modesta alimfuata mwenyekiti ofisini. Mzee Ndalahwa si mtu mbaya. Alikuwa ameshavua miwani, anajisugua macho, hataki kumwangalia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Kija. Kaa."

"Sikai. Nieleze nimehitimu nini."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Ilikuja amri kutoka juu wapunguzwe. Bajeti imekatwa. Waliokaa muda mrefu kwenye mpango waangaliwe kwanza. Pale kwenu wameandika mwenye kaya ana nguvu za kufanya kazi." Akaokota miwani yake mezani. "Wakaandika na mke amethibitisha."

Modesta akakaa bila kupenda.

"Mimi nilikuwa namshukuru Mungu, mwenyekiti," alisema. "Sikuwa najibu swali."

"Najua."

"Sasa si uwaambie!"

"Nimewaambia. Wamesema kata rufaa, watakuja tena kuangalia. Nitakuandikia mimi mwenyewe."

Nyumbani Machibya alishasikia kigelegele, akadhani kuna heri. Alipoambiwa, alicheka kwanza. "Kuhitimu? Mimi? Bila hata kuvaa viatu?" Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Ni mimi," alisema. "Nilisimama."

Ilikuwa rahisi kwa Modesta kumwacha ajilaumu hivyo. Hakuweza. Alikaa chini miguuni pake akamweleza yote, maneno yake mwenyewe na yale ya mwenyekiti, akilia mpaka kamasi, anajipiga kifua. "Mdomo wangu huu! Mdomo wangu huu, Baba Kija!"

Machibya alimwekea mkono kichwani, ule mzima. "Ulifurahi," alisema. "Hata mimi nilifurahi siku ile. Wacha kulia."

Rufaa ikaandikwa, ikapelekwa, na kungoja kukaanza. Dereva wa bajaji aliwabeba kwa mkopo, akabeba tena, halafu akaanza kupitia njia nyingine. Huwezi kumlaumu, naye bajaji si yake. Safari za mjini zikakatika. Modesta alijaribu kumfanyisha mazoezi mwenyewe, akirudi mlimani na viganja vimechanika, anaunyanyua ule mguu na kuukunja kama alivyomwona Rose akifanya. Lakini alikuwa amechoka, na hakuwa na mikono ya Rose. Unyayo ulianza kujikunja kuelekea ndani. Machibya bado aliweza kusimama, kwa tabu, kwa kushika. Kila alivyosimama alikaa upesi zaidi.

Siku ya kuja watu wa rufaa ilipotangazwa, Modesta aliamka na neno limemkaa kooni. Alimwogesha mumewe, akamvalisha shati safi, akamweka kwenye kiti mlangoni. Akajifanya anafagia. Mwishowe akalitoa.

"Baba Kija, leo usisimame."

Machibya hakuelewa, au alijifanya hajaelewa. "Nisisimame vipi?"

"Wakija. Ukae tu. Wakuone umekaa."

"Unataka wageni waingie kwangu mimi nimekaa?"

"Nakuomba."

"Watu wazima waingie, niwaangalie hivi kutoka kwenye kiti? Modesta, unanitaka nijifanye maiti?" Ilikuwa nadra kumwita kwa jina lake. Mdomo ulikuwa unamtetemeka, ule upande unaotii.

"Nakuomba ukae, mume wangu. Tukipata ile hela unarudi kwa Rose. Ukirudi kwa Rose utasimama hata siku nzima, nani atakukataza? Leo tu. Kaa kwa ajili yangu."

Modesta akaegemeza fagio ukutani, akaingia ndani kulia, maana alijua amemwomba nini.

Safari hii alikuja mama mtu mzima, afisa, amevaa kitenge cha heshima, ameongozana na mzee Ndalahwa. Walipotokeza kati ya mawe, mkono wa Machibya ulikwenda wenyewe kwenye goti. Modesta aliuona kutoka ndani ya mlango. Aliona vidole vinakamata goti, mishipa ya shingo inasimama, kiti kinalia. Akamwangalia tu. Na Machibya, ambaye hajawahi kumpokea mtu amekaa tangu azaliwe, alitoa ule mkono gotini, akauweka mapajani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," afisa alisema.

"Marahaba." Sauti haikufika mbali.

Yule mama alivuta kigoda akakaa karibu naye. Alikuwa na utu, tusimsingizie. Aliuliza dawa, aliuliza chakula, aliuangalia ule mguu. Kisha akauliza taratibu, "Baba, unaweza kusimama?"

Modesta akarukia. "Hawezi."

"Nimemuuliza baba."

Ndalahwa akaangalia ziwa kule chini kama ndiyo kwanza analiona. Machibya hakuwa mtu wa uongo. Alifikiri mpaka afisa akataka kurudia swali.

"Nilikuwa naweza," alisema.

Afisa aliandika. Alipomaliza alimwita Modesta pembeni, nyuma ya jiko, akamshika mkono. "Mama, nitapeleka kama nilivyoona. Lakini nisikudanganye. Nafasi zimeshafungwa. Waliotoka wametoka, wilaya nzima, na wengi wana hali kama yenu. Labda wakifungua tena. Sijui lini."

"Sasa mlikuja kufanya nini?" Modesta aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

"Rufaa lazima isikilizwe," yule mama alisema, na macho yake yalikuwa na machozi, kwa faida ya nani sijui.

Walipoondoka, Modesta alirudi mlangoni akajichekesha, akapiga makofi kama anavyopigiwa mtoto. "Haya, wamekwenda! Simama basi, Baba Kija. Simama unyooshe mguu, hakuna anayekuona."

Machibya alitikisa kichwa. "Basi," alisema.

Hakusimama siku ile, wala iliyofuata. Modesta alimbembeleza, akamgombeza, akamwita Mwanabaraka naye akamgombeza kwa sauti ya mtaa mzima. Alikubali kunyanyuliwa, kugeuzwa, kubebwa. Kujisukuma mwenyewe hakutaka tena. Na mwili wa mtu mwenye kiharusi hausubiri umalize kuhuzunika. Masika yalipokuja goti lilikuwa limeganda, na hata angetaka, lisingenyooka.

Jambo jingine likaanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda mlimani Modesta humwachia uji, chupa ya chai, na kikombe cha maji karibu na mkono. Akawa akirudi jioni anakuta uji umeganda utando, chai imejaa kama alivyoiacha. Maji hayajaguswa. Modesta akajua amemkasirikia. Akasema moyoni, ni haki yake, mimi ndiye niliyemmaliza kwa mdomo wangu, mara mbili, kwanza kwa kusema kisha kwa kumkataza. Akavumilia. Lakini jioni moja aliiona midomo ya mumewe imepasuka kama udongo wa kiangazi, nao wanakaa mahali wanapoliona ziwa zima kutoka mlangoni, akashindwa.

"Unanifanyia mgomo?" alipiga kelele. "Unataka kujiua kwa kiu ili watu waseme Modesta kamuua mume wake? Kama umenichukia sema! Nitukane! Nipige hata na huo mkono mmoja!"

Machibya alimwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyesingiziwa wizi.

"Nikuchukie wewe?" Akatafuta maneno kwa upole wake ule ule. "Ukiwa kule kwenye mawe, mimi nikinywa, nani atanipeleka?"

"Si yupo Baba Faraji, mume wa Mwanabaraka?"

"Amepata kibarua Geita. Wiki ya pili hii. Mwanabaraka alitaka kunibeba yeye." Akageuza uso. "Mke wa mtu, Mama Kija. Anibebe chooni mke wa mtu. Nikaona nisinywe tu. Nisipokunywa nafika salama mpaka jioni ukirudi."

Modesta akakaa chini palepale, na vumbi lake la mawe, na nyundo bado iko mkononi. Hakulia. Alichukua kikombe, akamshika kidevu, akamwekea mdomoni. Machibya alikunywa kwa pupa, maji yakimmwagikia shingoni, akamaliza, akaomba kingine, akapewa.

"Kunywa," Modesta alisema. "Nipo. Nitakupeleka mimi."

Machibya alikunywa, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Na kesho utakuwepo?"

Kesho yake lori la kununua kokoto lilikuwa linakuja alfajiri, na asiyekutwa penye fungu lake hanunuliwi. Modesta alijaza kikombe cha tatu, akampa.